Paja la Afande Masaba

Afande Masaba, jirani yangu hapa Bugembe, alikuwa na paja linalonguruma. Zamani jeshini risasi ilimtoboa mishipa miwili kwa pamoja, na kidonda kilipopona mishipa ikabaki imeungana. Damu iliyotoka moyoni ikawa inarudi moyoni kwa njia ya mkato, bila hata kuusalimia mguu. Ukiweka kiganja pale unasikia mvumo, kama friji kuukuu. Mkewe, Nabirye, miaka yote ya ndoa alilala mkono ukiwa juu ya paja hilo. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba mumewe bado yuko hai.

Lakini moyo ulikuwa unachoka. Daktari Brendah hakumung'unya maneno: ukiachwa hivi utazimika. Wakapitisha stenti, mrija mdogo wa waya uliovikwa kitambaa, kupitia tundu dogo kwenye kinena, wakaiziba ile njia ya mkato. Hakupasuliwa. Akarudi nyumbani, akala, akajilaza mchana.

Nabirye akaweka mkono pajani. Kimya.

Yowe lake lilitutoa wote nje. Kwa msiba, sisi watu wa Bugembe hatuchelewi wala hatuulizi. Mara turubai limesimama, simu imefika Mbale, nyumbani kwao Masaba, nami namenya matoke. Hakuna aliyeingia chumbani kutazama. Mjane akishasema, wewe nani umpinge? Masaba mwenyewe, ambaye kwa miaka moyo ulikuwa ukimkimbiza usingizini, alilala fofofo.

Jioni mdogo wake, Gidudu, akafika na pikapu yenye jeneza. Ndipo marehemu akatoka, shuka kiunoni, amekunja uso.

"Nani nakufa hapa?"

"Ni wewe, afande," Gidudu akajibu kwa heshima. "Watu ya nyumbani nachinja ng'ombe tayari. Panda gari."

"Mimi iko mzima!"

"Hiyo tutaongea Mbale."

Na akapanda, haki ya Mungu! Ng'ombe wa watu ameshachinjwa, utafanyaje? Nabirye akakaa kando yake, mkono pajani, bado analia.

"Mama, nyamaza. Mimi hapana kufa."

"Paja nanyamaza," akasema Nabirye. "Sasa mimi tajua aje kama wewe iko?"

Mzee huyu, mwenye amri kwa kila jambo, akauchukua ule mkono, akaupandisha hadi kifuani, akaushikilia.

Nabirye akatulia, akasikiliza. "Iko," akasema. "Pole pole, lakini iko."

Mimi nilikuwa nyuma, nimekalia jeneza, nikiwatazama kupitia kioo. Hadi tunaingia Mbale, mkono ulikuwa palepale.