Kwenda Ntobeye Kuuliza Neno Moja

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya ukuta. Ulikuwa ukuta wa kantini ya kiwanda chetu cha kukamua mafuta ya pamba, na juu yake paliandikwa kwa rangi nyekundu maneno ya mgomo uliopigwa kabla mimi sijaajiriwa: HAKUNA KULA, HAKUNA KAZI. Kila mchana tulikula makande chini ya maneno hayo, tukijivunia wazee waliozima mashine mpaka wakajengewa jiko.

Mwaka ule wa vita maneno yakatugeuka. Mwenzetu Masanja alikatwa vidole na mashine ya kukamulia, na mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, ambaye meneja alimteua mwenyewe, akasema ni uzembe wa Masanja. Masanja akaachishwa kazi, mkono ungali na bandeji. Tukasema basi, imetosha, mwenyekiti tutamchagua sisi. Meneja akacheka, akaunyooshea ukuta kidole.

"Someni historia yenu wenyewe," alisema. "Wazee wenu walidai kula, wakapewa. Uchaguzi hawakuudai hata siku moja. Leo vijana wetu wako mstari wa mbele, ndipo ninyi mnakumbuka uchaguzi?"

Ukuta ulikuwa upande wake. Ni mlinzi wa lango aliyeninong'oneza kwamba aliyeyatoa maneno yale kinywani alikuwa Yohana Sabuhoro, Mhangaza wa Ntobeye kule Ngara, na kwamba alirudi kwao kwa hasira kabla simenti ya jiko haijakauka. Hasira ya nini, na jiko wamepata? Mlinzi hakujua. Mkutano wa tawi ulikuwa mwisho wa mwezi na shemeji wa meneja alishaanza kupongezwa kwa uenyekiti. Wenzangu wakanituma mimi, Kabula, kwa sababu sina mume wa kuniuliza na sina subira. La pili ni kweli tupu. Kitu nisichokiweza duniani ni kukaa.

Asubuhi ya kuondoka niligundua kuwa safari yote ingekuwa kukaa. Mabasi mengi yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari na mgambo kaskazini, na mafuta yalipatikana kwa kujuana. Nilipata nafasi juu ya magunia ya dagaa. Kwenye kivuko tulisubiri huku magari ya jeshi yakipita mbele yetu, moja baada ya jingine, vijana wakiimba na kutupungia mikono. Tuliwapungia na sisi. Mama mmoja kando yangu alipunga mpaka gari la mwisho lilipopita, kisha akajifuta uso kwa kanga. Mimi nilipunga huku najiuliza kama meneja hakuwa na haki, kama kweli huu ulikuwa wakati wa kudai chochote. Wazo hilo lilinisumbua hadi Geita na likanilaza macho makavu.

Siku iliyofuata tulifika Biharamulo, vumbi limetubadilisha rangi. Pale chini ya boma la Wajerumani mgambo mwenye gobore alinitoa kwenye foleni. Mwanamke peke yake, hana mzigo, anauliza njia ya mpakani. Hata mimi ningejitilia shaka.

"Unakwenda Ngara kufanya nini?"

"Kumuuliza mzee neno moja."

"Neno gani hiro risiroweza kungoja vita viishe?"

Nilimweleza habari ya Masanja na vidole vyake. Alisikiliza, akautazama mkono wake mwenyewe ulioshika gobore, kisha akaniambia nipande lori la maturubai linalokwenda Nyakanazi, huko nitapata gari la Ngara. Ni mtu mwema, ingawa alinichelewesha hadi jua likapita utosini.

Baada ya Biharamulo ni msitu, msitu, msitu. Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi cha mbung'o, na bwana mmoja mwenye wavu akalizunguka lori taratibu akitafuta nzi, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Niliteremka, nikalizunguka lori pamoja naye ili tu miguu ifanye kazi. Dereva alicheka, akasema kama ningeweza kulisukuma lori mpaka Nyakanazi ningelisukuma. Nilimjibu kuwa angenipa njia ningemwonyesha.

Nyakanazi wakati ule ilikuwa njia panda, mabanda machache, na watu wanaongoja. Wengine walikuwa wakingoja tangu juzi. Niliingia kwenye kibanda cha mama lishe mmoja wa makamo, nikaagiza chai nikiwa nimesimama.

"Jina rako nani, dada?"

"Kabula."

"Karibu, dada Kabura. Kaa chini. Gari ra Ngara haritakukimbia. Kura kwanza."

Nikacheka. Kura! Nilimuuliza kwa utani kama ananitaka nigombee ubunge. Hakuelewa, akaniwekea ndizi na maharage, akarudia kwa upole, "Kura, mwanangu, kura."

Kijiko kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Nilikirudisha kwenye sahani.

Mhangaza, au Msubi, au yeyote wa upande huu ambaye L humgeukia kuwa R ulimini, akikuambia "kura" wewe unasikia "kula". Unamsahihisha kichwani bila hata kujua kuwa umemsahihisha. Sasa mweke Mhangaza juu ya mlima wa mbegu za pamba, mbele ya watu ambao hawajala tangu alfajiri. Siku hiyo moja asiteleze hata kidogo. Aseme anachokitaka hasa: hakuna kura, hakuna kazi. Nani atamsikia? Tena waliompokea maneno ni sisi Wasukuma, ambao R ni mzigo mdomoni mwetu. Kura ikiingia kwetu inatoka kula.

Nilimlipa yule mama bila kumaliza chakula, akasikitika akidhani maharage hayakuiva. Nilizunguka pale njia panda hadi giza, kisha usiku kucha nikilala kidogo, nikiamka, nikisikiliza injini. Kama nilikuwa sahihi, meneja alikuwa hana ukuta tena. Kama nilikosea, nilikuwa mwanamke aliyesafiri nusu ya nchi kwa ajili ya matamshi ya mama lishe.

Kulipokucha lilipita lori la chumvi. Sikumbuki mengi ya njia ile isipokuwa vilima, ambavyo kila tukimaliza kimoja kingine kilikuwa kinatungoja, na migomba ikaanza, na baridi. Kutoka Ngara mjini hadi Ntobeye nilitembea, na nashukuru nilitembea. Walioniona walidhani nimeleta habari za kifo, kwa mwendo ule.

Nyumba ya Sabuhoro ilikuwa kwenye mstari, kama nyumba zote za kijiji cha ujamaa, migomba bado michanga nyuma yake. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, redio ndogo magotini, sikio limeinamia sauti. Mkewe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Subiri kidogo, binti. Habari za vita."

Nikasubiri, mimi! Taarifa ilipokwisha alizima redio ili kuokoa betri, akaniambia kijana wao wa mwisho alikwenda na mgambo na hawajamsikia tangu mvua za kwanza. Nilimpa pole. Nilipomwambia nilikotoka, uso wake ukajifunga. Nikaona hakuna haja ya kuzunguka.

"Mzee, siku ile ya mgomo mlidai kula, au kura?"

"Kura."

"Ya kutia mdomoni, au ya kutia kwenye sanduku?"

Akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekibana miaka.

"Ya sanduku! Ya sanduku, binti yangu! Turikuwa na mwenyekiti wa meneja. Nikapanda juu, nikapiga kerere. Watu wakaitikia mpaka mabati yakatetemeka. Nikasema reo tumeshinda. Kesho yake naona yanaretwa masufuria." Alipiga paja. "Masufuria! Nikawaambia siyo hii, siyo hii. Wanasema, Yohana, umetuokoa, njoo ure."

"Ukafanya nini?"

"Nirikura. Njaa haina hasira. Nikafunga mzigo, nikarudi kwetu."

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, na nadhani nilifanya vyote. Nikamwambia habari ya Masanja, na ya shemeji, na ya ukuta. Nikamwomba twende wote, aseme mwenyewe mbele ya watu. Akatikisa kichwa.

"Niriposema mara ya kwanza hawakunisikia. Urimi ni ure ure. Na habari ya mwanangu ikija, itamkuta nani?"

"Itanikuta mimi," mkewe alisema, bila kuacha kuchambua. "Mimi ndiye niriyemzaa. Wewe nenda ukamarize maneno yako. Miaka yote unayasema usingizini."

Mzee alichota maharage kwenye ungo, akayaangalia kiganjani, meupe na mekundu. Aliniambia kuwa walipohamishiwa pale kijijini, wengi hawajui kuandika, mwenyekiti walimchagua kwa maharage: jeupe la huyu, jekundu la yule, kila mtu atie chunguni. Aliyeshinda alishinda, na chungu kikarudi jikoni. Kisha akatia punje kadhaa mfuko wa koti na kuingia ndani kutafuta viatu.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda, maana sasa tulikuwa wawili tusiotulia. Kila penye redio mzee aliteremka kusikiliza. Nyakanazi nilimpeleka kwa yule mama lishe, nikala sahani nzima, akafurahi. Biharamulo mgambo alinikumbuka. "Umeripata neno?" Nikamwonyesha mzee. Akampigia saluti, sijui kwa utani au kwa dhati, na mzee akairudisha kwa dhati kabisa.

Mwanza tulifika siku ya mkutano, hata kunawa hatukunawa. Watu walikuwa wameshajaa kantini. Masanja alikuwa amesimama nyuma na mkono wake, hana kazi lakini amekuja. Meneja alipoambiwa mgeni ni nani alifurahi mno, akampa nafasi mwenyewe.

"Karibu mzee wetu! Waambie vijana hawa, siku ile mlidai nini?"

Mzee Sabuhoro alisimama, akakusanya nguvu zake zote.

"Turidai kura."

"Mmesikia?" Meneja alipiga makofi. "Kula! Amesema mwenyewe!"

Kicheko kikapasuka, na waliocheka wengi walikuwa wa kwetu. Nilisimama nikapiga kelele kwamba amesema kura, kura, lakini mdomo wangu wa Kisukuma nao ukanisaliti na kicheko kikazidi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemtoa mzee kwenye redio yake nikamleta kuchekwa mara ya pili.

Yeye hakuonekana kushangaa. Alikwenda jikoni, akarudi na sufuria tupu, ile kubwa ya makande, akaiweka katikati ya meza mbele ya meneja. Alitoa punje moja ya haragwe mfukoni, akaiinua ili wa nyuma waone, akaiachia. Ililia ndani ya sufuria, na kicheko kikakatika.

"Hii," alisema. "Hii haipikwi."

Kisha Masanja akaja kutoka nyuma. Aliinama, akaokota mbegu ya pamba sakafuni, maana kwetu mbegu zilikuwa kila mahali, hata kwenye nywele, na akaitia kwa mkono ule ule mbovu. Baada yake akaja mpishi, akaja mlinzi wa lango. Wapakiaji wakajipanga. Nami nikajipanga, na ilikuwa foleni ya kwanza maishani mwangu ambayo sikutaka iishe. Meneja alisema jambo hilo atalifikisha juu. Alilifikisha, na baada ya kusukumana kwingi tulipiga kura zetu za karatasi. Shemeji hakupata. Masanja alirudishwa, akawekwa stoo ya magunia, kazi ya mkono mmoja. Sikuwaza tena kama ulikuwa wakati wake au siyo, kwani mashine haikusubiri vita viishe ndipo imkate vidole.

Nilichojifunza nakisema bila aibu, ingawa ni kidogo kwa safari ndefu vile. Mimi nilidhani watu wa zamani hawakudai. Walidai, tena kwa sauti kubwa. Ila sisi tuliowapokea tulikuwa na njaa, tukasikia tulichokuwa na hamu nacho.

Asubuhi yake mzee alikuwa na haraka kunishinda. Alitaka kurudi Ntobeye kwa mwanawe, ambaye kwa rehema ya Mungu alikuja kurudi, anachechemea lakini anaimba. Hayo hatukuyajua bado. Kabla sijamsindikiza stendi, vijana walikuwa wameshaleta ngazi na kopo la rangi nyekundu, wanataka kusahihisha ukuta, L iwe R. Walimwomba mzee awe wa kwanza kuweka mkono.

Alisimama chini ya maneno yake, mzigo begani, akayasoma polepole kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho: "Hakuna kura, hakuna kazi." Kisha akawatazama wale vijana kwa mshangao.

"Mbona imeandikwa sawasawa?" aliuliza. "Shukeni. Mtaiharibu."