Kifungu cha Turubai

Niliporudi Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na masanduku mawili, koti zito la baridi ambalo halikuwa na kazi yoyote katika joto lile, na stashahada ya sheria ya biashara ya kimataifa kutoka chuo kimoja cha Uingereza. Stashahada hiyo sikulipiwa na serikali wala na mjomba. Niliilipia mwenyewe kwa miaka minne, asubuhi nikisoma, jioni nikisugua masufuria ambayo mtu angeweza kuoga ndani yake.

Sijisifu, ni ukweli tu: kutoka Kisii hadi mpakani hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kukueleza ni mahali gani hasa hatari ya mzigo inamtoka muuzaji na kumwangukia mnunuzi. Nilikodi chumba juu ya duka la mbegu, nikaagiza kibao: Mshauri wa Migogoro ya Biashara ya Kimataifa. Mchoraji alilalamika kwamba maneno ni mengi, akataka aandike "Wakili" peke yake. Nikakataa. Wakili wa kortini sikuwa, wala sikutamani kuwa. Wakili wa kortini hungoja zamu yake nyuma ya wezi wa kuku.

Basi wakaja nani? Wa kwanza alitaka kumwacha mke. Wa pili alitaka nimwandikie barua mfadhili amsomeshee watoto. Kisha wakaja wachimba dhahabu wa Masara, watu saba wenye matope hadi masikioni, waliogombana juu ya shimo moja. Niliwaeleza kwa upole kwamba shimo lililoko Masara haliwezi kuwa jambo la kimataifa. Mmoja wao akafikiri, akasema, "Lakini dhahabu yenyewe inavuka maji, ama?" Swali hilo liliniudhi siku nzima. Kibao kilikuwa pale mlangoni, herufi kubwa, rangi ya bluu. Hakuna aliyekisoma.

Ndiyo maana mwenye mashine alipokuja, nilimkaribisha kama mgeni wa heshima. Alikuwa na mashine ya kusaga unga kule Sindo, ufukoni, na kesi yake ilikuwa na nchi mbili ndani yake.

"Wakili," akasema, "kuna mzigo yangu imekaa Isebania siku ya nne sasa. Mihogo mikavu, gunia themanini. Imenyeshewa. Mimi siwezi kupokea kitu imenyeshewa."

"Muuzaji ni nani?"

"Mama mmoja wa Sirare, hapo ng'ambo Tanzania."

"Mna mkataba?"

"Tunaelewana."

"Kwa maandishi?"

"Tunaelewana tu, jaduong'. Mwaka wa sita sasa."

Jaduong' ni mzee anayestahili heshima. Mimi sikuwa nimefika hata miaka arobaini, lakini sikumsahihisha. Nilimwuliza, kama nilivyofundishwa, kama ana uhusiano wowote na upande wa pili. Nilimwuliza mara tatu. Mara zote tatu alitazama dirishani akasema, "Ya mihogo."

Miaka ile mihogo ya upande wetu ilikuwa imeshambuliwa na ugonjwa, majani yakijikunja na mizizi ikitoka myembamba kama vidole. Wavuvi wa Sindo hawawezi kuishi bila ugali wa mtama na mihogo, kwa hiyo mwenye mashine alikuwa akiitoa Tanzania. Sasa mashine yake ilikuwa kimya. Lori lilikuwa limesimama katika uwanja wa forodha pale Isebania, upande wetu wa mpaka, dereva hataki kulisogeza mpaka apatikane wa kupokea, muuzaji hataki kurudishiwa, na mvua za Aprili hazikuwa zikisubiri mtu. Kila siku kuvu ilikuwa ikishuka kutoka gunia la juu kwenda la chini yake. Ikifika sakafuni, hapatakuwa na cha kugombania, na wanawake wa Sindo watakuwa wameshazoea kubeba mtama wao kwa mashine ya jirani.

"Nimejifungua juzi," akaongeza akiwa anasimama. "Yaani, bibi yangu. Hospitali ya Homa Bay. Msichana."

Nikampa pongezi. Katika faili nikaandika pembeni: mtoto wa kike, si muhimu.

Kikao nilikipanga Isebania, katika chumba cha nyuma cha hoteli iliyo karibu na forodha. Nilikipanga kwa utaratibu kamili. Meza katikati, kiti cha mlalamikaji upande huu, kiti cha mlalamikiwa upande ule, wakitazamana uso kwa uso, na mimi kichwani. Niliagiza pia kuku wa mchana, kwa sababu mwalimu wetu mmoja alituambia kwamba watu wakila meza moja ugomvi hupungua makali.

Mama wa Sirare alifika wa kwanza, na mwavuli, na kitenge kilichopigwa pasi. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye utakayeamua?"

"Mimi ni msuluhishi wa kimataifa, mama."

"Kimataifa," akasema, akiketi. "Nimetoka nyumbani kwa miguu na uji wangu bado ni moto mezani."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha ng'ambo ya mpaka, kilichonyooka, kinachokufanya ujisikie umevaa shati bila vifungo. Nilikuwa bado natafuta jibu linalomfaa mtu wa elimu yangu mlango ulipofunguliwa. Mwenye mashine aliingia hatua moja. Akamwona mama. Akavua kofia, akajifunika nayo uso, akageuka na kutoka.

Nilimkuta nyuma ya jiko, kati ya kuni, ameelekeza uso ukutani.

"Umeniweka wapi, wakili?"

"Kwenye kikao chako."

"Huyo ni maro."

Maro ni mama mkwe. Sasa, nisieleweke vibaya. Mimi sikudondoka kutoka kwenye ndege. Nilizaliwa hapa, najua vizuri kwamba mwanamume wa Kijaluo haketi akitazamana na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, hampi mkono, sembuse kumlalamikia mezani. Kitu ambacho sikujua ni kwamba mtu anaweza kumshtaki mama mkwe wake kimataifa na asiseme.

"Nilikuuliza mara tatu!"

"Ningesemaje? Mtu anashtaki maro?"

"Umemshtaki!"

"Mimi sijamshtaki. Nilitaka uandike barua ya Kizungu itoke Migori, ionekane imetoka kwa serikali. Hii ya viti ni yako."

Niliporudi ndani mama alikuwa amegeuza kiti chake, anatazama ukuta wa upande wa pili. Watu wawili wazima, kuta mbili, na meza yangu tupu katikati.

"Sikumwona," akauambia ukuta. "Lakini amekonda."

Ndipo nilipoanza kuelezwa mambo ambayo yangekuwa katika faili tangu siku ya kwanza, kama watu wa nyumbani wangekuwa na tabia ya kujibu wanachoulizwa. Kwa miaka sita biashara yote ilipitia kwa binti. Mume akitaka mihogo, humwambia mke. Mke huvuka, humwambia mama, hurudi na jibu. Hata turubai la lori ni yeye aliyekuwa akilibeba kutoka Sindo na kusimamia linavyofungwa. Safari hii mimba ilikuwa nzito, akalazwa Homa Bay wiki tatu. Mume akatuma neno kwa dereva: pakia. Mama akapakia. Turubai, kila mmoja alidhani ni la mwenzake. Na kwa kuwa hawawezi kuongea, hakuna aliyeuliza.

Nilimwita dereva. Swali lilikuwa moja, na lilikuwa swali langu, swali nililolisomea: mzigo ulilowa kabla ya kuvuka au baada ya kuvuka?

"Mvua ilianzia upande gani?"

"Juu," akasema dereva.

Basi nikaanza kutembea. Kutoka chumbani hadi jikoni ni hatua kama thelathini, nazo zilikuwa chini ya mvua. Sikuwahi kufikiri kwamba stashahada yangu itanileta mahali pa kubeba maneno ya watu kama mtu anayebeba maji.

"Mwambie mume wa binti yangu," alisema mama, "mihogo yangu ilitoka kwangu mikavu, ukiivunja inalia."

"Mwambie mama, kwa heshima," alisema mwenye mashine, "sasa ukiivunja haina sauti."

"Mwambie mapokezi ni kazi ya mpokeaji."

"Mwambie, kwa heshima, mimi nilikuwa hospitali."

Kuku akaja. Mama hakula, kwa kuwa mkwe wake yuko ndani ya boma. Mkwe hakula, kwa kuwa mama yuko ndani ya boma. Mimi sikula, kwa kuwa nilikuwa na hasira. Kuku alimalizwa na dereva, ambaye hakuwa mhusika wa kesi.

Safari ya tisa au ya kumi, nikiwa nimelowa kuliko mzigo wenyewe, niliketi mbele ya mgongo wa mama nikaanza kumsomea sheria ya mizigo kutoka kwenye madaftari yangu. Aliniacha nisome ukurasa mzima. Kisha akauliza, "Na mtoto?"

"Mtoto yupi?"

"Wakili, binti yangu yuko Homa Bay. Nasikia amejifungua. Nasikia, basi. Aliyekuwa akiniletea habari ni yeye mwenyewe. Sasa habari zake yeye ataniletea nani?"

Habari hiyo ilikuwa katika faili langu tangu Jumanne, pembeni, kwa mkono wangu.

"Ni msichana, mama. Wote wawili ni wazima."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aligeuza shingo akanitazama.

"Anafanana na nani?"

Nikatoka tena mvuani. Mwenye mashine aliposikia swali aliondoa kofia usoni. "Mwambie anafanana na yeye," akasema. "Hata hiyo hasira."

Nilipeleka jibu, nikaacha hasira. Mama akaanza kufunga kitenge chake vizuri kama mtu anayekwenda shambani.

"Kwa nini hukusema hivyo saa tatu asubuhi? Kawaambie washushe. Ya juu iliyolowa naichukua mimi, nitaiparua kuvu, nitaianika mwambani, watengeneza pombe wa Sirare hawana maringo. Ya chini ipelekwe Sindo leo leo. Mzazi atakunywa uji wa nini? Wa karatasi zako?"

Nilidhani tumemaliza. Mkwe akakataa. Hawezi, alisema, kumwachia mama mkwe hasara peke yake, watu wa Sindo watamwonaje. Mama akakataa kukataliwa. Kwa hiyo watu waliokuwa wakivutana kila mmoja akwepe magunia mabovu walianza kuvutana kila mmoja ayachukue, na mimi nikatembea safari nyingine nne kwa jambo hilo. Mwishowe waligawana sawa kwa sawa, jinsi ambavyo ningewaelekeza asubuhi kama wangeketi kwenye viti.

Mkataba niliuandika palepale, vifungu vitano. Cha nne ndicho ninachojivunia hadi leo: mnunuzi ataleta turubai zima lisilo na tundu, litafungwa pembe zote nne kabla ya lori kuondoka, na muuzaji hatapakia gunia hata moja kabla ya kuliona. Wasomi wa Ulaya wangekisifu kile kifungu. Mama alikisikiliza, akasema ni sawa, lakini hawezi kutia sahihi yake kwenye karatasi moja na ya mkwe wake, zikikaa pamoja namna ile. Nikaandika karatasi ya pili.

Kisha akanikabidhi mkebe wa samli niupeleke kwa binti yake. Sikuuliza kama hiyo ni kazi ya msuluhishi. Kesho yake nilifika Homa Bay, wadi ya wazazi, na mkebe mkononi na nakala mbili kwapani, nikiwa nimevaa tai. Lori lilikuwa limeshapita kwenda Sindo, na muuguzi mmoja alikuwa amesikia kwamba mashine inasaga.

Binti alisoma mkataba wote huku akinyonyesha. Alikuwa wa kwanza kuusoma wote.

"Cha nne ni kizuri," akasema. Nilifurahi. "Lakini wakili, turubai lilikuwa chini ya kitanda chetu. Liko hapo miaka yote. Mngeniuliza tu."

Kesi zilikuja nyingine baada ya hiyo, kubwa zaidi, za kahawa na za ng'ombe, na niliposuluhisha niliweka watu katika vyumba viwili tangu mwanzo. Wengine walikuja kuniambia hiyo ni njia mpya kutoka ng'ambo, nami sikukanusha. Wale wa mihogo hawakurudi kwangu. Siku moja nikiwa dirishani juu ya duka la mbegu niliona lori lao likipita mjini, turubai limefungwa pembe zote nne, limebanwa vizuri kama kitanda cha askari. Dereva hata honi hakunipigia.

Mjini walikuwa wakisema kesi ile ilimalizwa na mtoto mchanga. Waliosema hivyo hawakukisoma kifungu cha nne.