Mstari wa Tatu

Kwa miaka thelathini na moja Rwehumbiza alitengeneza redio na amplifaya kwenye kibanda chake pale Mirongo. Kitu alichokijua kuliko vyote kilikuwa kidogo kama punje ya mchele: rezista. Kila rezista ina mistari ya rangi, na rangi ndizo namba zake. Kahawia, nyeusi, nyekundu: elfu moja. Kahawia, nyeusi, machungwa: elfu kumi. Wenzake walizipima kwanza. Yeye alitupa jicho tu, akachomelea.

Mwaka juzi macho yakaanza kuingia ukungu. Akailaumu taa, akanunua nyingine yenye mwanga mkali zaidi. Hakumwambia mtu, hata mkewe, Getruda.

Alhamisi moja Hellen, mwalimu wa kwaya ya kigangoni kwao, alileta amplifaya iliyokufa.

"Shikamoo, fundi. Jumapili tuna ubatizo."

"Marahaba, mama. Kaa hapo, haichukui muda."

Kweli, tatizo alilipata upesi: rezista moja ya elfu kumi imeungua. Akatoa nyingine kwenye kopo, akaisogeza kwenye taa, akaigeuza mara tatu. Mstari wa tatu ulikuwa mwekundu au wa machungwa? Akachukua mita ya kupimia, lakini mshale wake nao ulikuwa umezama kwenye ukungu. Hellen alikuwa amekaa hatua mbili tu, mwenye macho mazima. Kumuuliza kulimshinda. Akajiambia ni machungwa, akaichomelea.

Kazi ya rezista ni kuubana umeme, upite ule tu ambao kifaa kilicho mbele yake kinaweza kuustahimili. Hii iliachia karibu mara kumi ya uliotakiwa. Spika ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Moshi ukapanda.

"Kuna nini, fundi?"

"Nadhani nimekosea rangi." Akamwonyesha nyingine kutoka kopo lilelile. "Hebu niambie, mstari huu wa tatu ni rangi gani?"

"Si nyekundu hii? Nyekundu kabisa," alisema Hellen. Kisha akamtazama usoni, akaelewa. Hakugomba. Aliibeba amplifaya yake taratibu, akaondoka, na upole ule ulimuuma Rwehumbiza kuliko matusi.

Hospitalini daktari alimwambia ni presha ya macho. "Mshipa ukishakufa haurudi, mzee. Matone haya ni ya kulinda kilichobaki."

"Kimebaki kiasi gani?"

Daktari aliendelea kuandika.

Getruda akaanza kwenda naye kibandani kumsomea rangi. Alijitahidi, ila kusoma ni nusu ya kazi. Mkono wa mumewe ulikosa shabaha. Risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka ilidondokea pasipotakiwa, na vidole vyake vikajaa malengelenge. Mwezi wa pili wa kazi hiyo Getruda alichomoa waya wa umeme ukutani.

"Baba Brightness, tufunge."

Hakubisha. Josephat, kijana wa simu wa kibanda cha jirani, alichukua meza na mita. Makopo ya rezista aliyaacha. "Siku hizi tunabadilisha bodi nzima, mzee," alisema, bila ubaya wowote.

Sasa Rwehumbiza hushinda nyumbani, kilimani kwenye mawe. Wiki iliyopita jirani alipiga hodi, redio mkononi ikikoroma. Kwa kuisikia tu, akiwa kitini ndani, Rwehumbiza alijua ugonjwa wake. Akafungua mdomo aseme.

"Fundi hayupo," Getruda alimjibu mgeni mlangoni.

Rwehumbiza akafunga mdomo.