Tone Kwenye Jicho la Mama Mkwe

Ukambani, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Aibu hiyo ya heshima tunaiita nthoni. Chuoni niliandika insha ndefu nikiicheka, kisha nikaoa, na tangu hapo kila nikimsalimia mama wa mke wangu nazungumza na ukuta.

Ndipo daktari akamwambia mama mkwe kwamba mtoto wa jicho amekomaa na ni lazima atolewe. Mama akaja kwetu mjini kutoka Kathiani. Akapewa dawa ya matone ya kuzuia uvimbe ndani ya jicho, aanze kabla ya upasuaji na aendelee wiki kadhaa baadaye. "Mkizembea, jicho linaweza kuvimba na asione vizuri," muuguzi alituonya. Mke wangu anafanya kazi kiwandani Athi River na hutoka alfajiri. Aliyebaki nyumbani, akijifanya anaandika, ni mimi.

Siku ya kwanza Mama alijifunika leso uso mzima, akaacha jicho moja tu. Nami kwa adabu nikageukia dirisha, nikafinya chupa. Tone la kwanza likatua puani. La pili, sikioni.

"Hiyo dawa ni ya macho ama ya masikio?" akauliza.

"Ya macho, Mama."

"Basi angalia macho! Nthoni niko nayo ya kutosha. Kile sina ni kuona."

Nikageuka. Nikavuta ukope wa chini, nikamtazama mama mkwe wangu ndani ya jicho. Dari haikuanguka. Tone likaingia.

"Limeingia!" nikapiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

Baada ya upasuaji alitaka kuacha dawa. "Si haliumi tena?"

"Mama, tunaacha daktari akisema."

"Haya, profesa wa chupa."

Siku ya kurudi kliniki, daktari alimulika jicho, akasema limetulia kabisa, halina uvimbe. Mama akasoma herufi za ukutani mpaka zile ndogo za chini. Kisha akateremsha leso mabegani, akanigeukia, akanikagua kutoka utosini hadi viatuni, polepole, kama mtu aliye kwenye soko la ng'ombe.

"Kumbe ndiwe huyu," akasema. "Ningekuona vizuri siku ya mahari, ningeitisha mbuzi wengine."

Nilicheka nikimtazama usoni. Hakuepa.

"Na zamu ya kupasua hili jicho lingine ikifika," akaongeza, "chupa utashika wewe."