Kikao cha Waliobobea

Nikiikumbuka ile siku ya kongamano la mafundi wa kompyuta pale Kiboko, mwanangu, moyo hunidunda hata leo. Nilikuwa msichana, nimeandika programu inayosoma kipimo cha unyevu na kufungua maji udongo ukikauka, katika shamba la kikundi cha akina mama wa Kalamba. Lakini mashine ilikuwa inafungua hata udongo ukiwa umelowa, na mizizi ya nyanya ilianza kuoza. Akina mama waliniambia wazi: ikikosea tena, tunaing'oa.

Kwenye ratiba, kila kikao kiliandikwa ni cha nani: wanaoanza, wa kati, waliobobea. Nikakimbilia cha wanaoanza. Wakati wa chai Mzee Mutua, fundi wa Ikutha aliyenifundisha kazi, akaniuliza nimepata nini.

"Hakuna. Yote nilikuwa nayajua."

"Na kile cha vipimo vya udongo?"

"Hicho ni cha waliobobea, mzee. Mimi ni nani?"

Akanitazama kwa upole. "Hayo maandishi hayapimi heshima yako. Yanakuambia tu kwamba msemaji hatarudi nyuma kueleza mambo ya mwanzo. Soma hapa chini: uwe umewahi kufunga vifaa shambani. Umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi ingia."

Niliingia, nikakaa nyuma kabisa. Mengi yalinipita. Halafu yule mama aliyekuwa akifundisha akachora mstari unaorukaruka, sawa kabisa na vipimo vyangu. Waya wa kipimo ukilala karibu na waya wa pampu, akasema, kipimo husoma uongo. Na mimi nilikuwa nimezifunga nyaya hizo pamoja, nikidhani ni usafi wa kazi. Nusura niruke kutoka kwa kiti.

Jioni mimi na Mzee Mutua tulipitia Kalamba tukazitenganisha zile nyaya. Asubuhi mwenyekiti wa kikundi akashika udongo uliolowa, akatazama bomba limenyamaza, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Leo imesikia," akasema.

Kwa hivyo, mwanangu, ukipewa ratiba kesho kwenye kongamano lako, angalia msemaji anataka uje ukijua nini, kisha ujiulize wewe umekuja na swali gani. Jambo likiwa geni kwako, kaa na wanaoanza bila aibu. Mimi na mvi zangu bado nakaa huko. Lakini kama mikono yako imeshaifanya hiyo kazi, usijifiche. Usipoelewa yote si neno, utauliza wakati wa chai.

Mungu akutangulie, akupe masikio mepesi na ujasiri wa kuinua mkono. Nenda, mama, uende ukafurahie.