Kitabu Ambamo Boyi Hajibu

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka ule wa uhuru. Mzee mwenye mvi kichwa kizima alisimama wima mbele yangu, mikono nyuma, macho chini, kwa sababu tu mimi, msichana wa miaka kumi na sita, nilikuwa nimefungua kinywa na kusema Kifaransa. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sijawahi kufundishwa vizuri kama siku ile. Mwanangu, kaa nikusimulie. Leo nimekasirika, na hasira yangu ina faida kwako.

Hasira yenyewe ni hii. Tangu vita vya waasi viishe na shule zetu kubaki bila madirisha wala walimu, kuna bwana mmoja mwenye tai anayepita nyumba kwa nyumba hapa Songo, mtaa wetu wa Uvira, akiuza kozi ya Kifaransa. Ni karatasi zilizoshonwa pamoja kwa uzi, na anaahidi kwamba baada ya siku arobaini utazungumza kama mtu wa ofisini. Juzi alisimama mlangoni kwangu nikiwa nanyonyesha, akitaka kumwuzia wifi yangu. Nikamwambia, "Bwana, soma kidogo tusikie." Akasema kozi haisomwi kabla ya kulipwa. Nikamfukuza, wala sikumfukuza kwa adabu. Wifi yangu akanuna siku nzima. Hapo nikaona kwamba kumfukuza mwuzaji hakumsaidii msichana kitu kama hajui amefukuzwa kwa nini. Ndiyo maana naandika. Mimi si bibi kizee, nina watoto wawili na meno yangu yote. Lakini jambo hili nililijua kwa kuumia mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kukuita mwanangu.

Uhuru ulinikuta nimemaliza shule ya masista. Sisi wasichana tulifundishwa kwa Kiswahili: katekisimu, hesabu kidogo, kushona, kupiga pasi, kupika uji wa mtoto. Kifaransa kilikuwa cha wavulana, na tena si wavulana wote. Halafu tukasikia kwamba sekondari itafungua mlango kwa wasichana wachache, na kwamba kila anayetaka nafasi ataitwa mbele ya sista mkubwa azungumze naye Kifaransa. Azungumze, si aandike. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Binamu zangu wawili walikuwa wamekwisha kuolewa, na baba mdogo alishaanza kutaja majina ya wanaume tukiwa tunakula. Nilijua kabisa: nikiikosa sekondari, mvua ya kwanza itanikuta kwa mume.

Wakati huohuo Wazungu walikuwa wanahama. Wengi walivuka ziwa kwenda Usumbura na masanduku mawili matatu, na vilivyobaki vikauzwa barabarani: viti, sahani, vitanda vya watoto, gramafoni isiyo na sindano. Kijana mmoja aliyeitwa Dezire, msaidizi wa karani, alipanga vyake juu ya mkeka. Katikati ya vikombe kulikuwa na kitabu kinene chenye jalada jekundu gumu. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili, Kifaransa kushoto, Kiswahili kulia.

"Dada, hii ndo kozi yenyewe," Dezire akaniambia. "Bazungu benyewe balijifunzia humu. Weye unataka nini tena?"

Usidhani nilikuwa mjinga. Nilikikagua. Nilibonyeza jalada, nikanusa karatasi, nikafunua nione kama kuna kurasa zilizochanika. Nikamwonyesha Dezire kona iliyoliwa na mende, akapunguza bei. Nilimwachia kitenge kipya cha mama, ambacho mama alikuwa amekinunua kwa sikukuu ya uhuru, nikaondoka na kitabu kifuani. Mama alinichapa kwa maneno siku tatu. Nilivumilia. Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa maneno yenyewe.

Kwa miezi miwili nilikila kitabu kile. Niliwasemesha kuku, nao walinitii, jambo lililonitia moyo sana. Hata mama, na hasira yake ya kitenge, akaanza kuita majirani waje kusikiliza. "Mumusikie Nabintu wangu," alisema, "utasema alikulia Bulaya!" Nami nilisimama kati ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa nikawatupia Kifaransa, na kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekielewa, wote walipiga makofi.

Siku nne kabla ya kuitwa kwa sista, mama alimwalika Mzee Kashindi. Huyu alikuwa mtu wa Katogota aliyeingia Uvira akiwa kijana, akapika kwa Wazungu mpaka mabwana zake wa mwisho walipovuka ziwa. Mtaani kwetu ndiye pekee aliyekuwa amesikia Kifaransa kila siku ya maisha yake. Alipewa kiti, akapewa chai, akaketi akitabasamu kama babu anayengoja kuimbiwa. Nikakohoa kidogo, nikachagua sentensi niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ilikuwa fupi na ilitoka vizuri mdomoni. Maana yake ni: njoo hapa, upesi.

Akasimama.

Hakufikiri. Mwili ulisimama wenyewe. Chai ilimwagika mchangani, mikono ikaenda nyuma, kichwa kikainama, na kwa sauti isiyo yake akaitikia, "Wi, Madamu."

Mama alicheka, akidhani ni mzaha. Mimi pia nilianza kucheka. Kisha nikamwona Mzee Kashindi anaitazama miguu yake, kama mtu anayejiuliza ni nani aliyeiamuru, na kicheko kikanikauka.

"Leta hiyo kitabu," akasema.

Alikigeuza mkononi bila kukifungua.

"Minye naijua hii. Madamu alikuwa nayo mu jikoni, juu ya kabati ya chumvi. Anafungua, anasoma, ananitupia. Miaka yote ile. Weye unawaza iliandikiwa nani?"

"Dezire alisema Wazungu walijifunzia humu."

"Hakudanganya! Balijifunzia humu Kiswahili. Kiswahili ya kutuma boyi. Sasa weye umekuja kupitia mulango wa nyuma, unataka Kifaransa. Soma ile ya kulia. Soma, mama yako asikie."

Nikasoma. Leta maji ya moto. Funga mlango. Nani amevunja sahani? Nitakata mshahara wako. Piga pasi tena. Wewe ni mvivu. Kesho amka mapema. Usinidanganye.

Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara mia, mwanangu, nayo yalikuwa Kiswahili, lugha ya mama yangu, na sikuwa nimeyasikia. Niliyaona kama ngazi tu ya kupandia Kifaransa.

"Sasa nionyeshe fasi mu kitabu boyi anajibu," akasema Mzee Kashindi.

Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Nikatafuta kwenye sura ya soko, ya bustani, ya safari. Hata kwenye sura ya ugonjwa, mgonjwa alikuwa ni Mzungu, na boyi alikuwa anatumwa dawa.

"Haiko," nikasema.

"Haiko! Kitabu kubwa vile, na boyi hana mudomo. Haya. Nitajie jina lako kwa Kifaransa."

Nikatazama kitabu, halimo.

"Niulize minye natoka wapi."

Nikafunua ukurasa mwingine.

"Sema: sikusikia muzuri, rudilia. Sema: sitaki. Sema basi umechoka!"

Sikuwa na hata moja. Nilijua kumwambia mtu "wewe" kwa namna ishirini. "Mimi" sikuijua, isipokuwa yule mimi wa kukata mshahara.

"Na unaenda kwa sista na hii?" akaniuliza. "Utamwambia nini? Alete maji?"

"Kitenge changu, yoo!" mama akalia, kisha akaziba mdomo, kwa sababu aliona na mimi nalia.

Mzee Kashindi alingoja nimalize. Hakunibembeleza. Akanisogezea kile kiti alichokuwa amekalia, yeye akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Usikilize, Nabintu. Kila siku yule Madamu alipofungua kitabu yake, minye nilimujibu. Hapa ndani." Akajigonga kifua. "Tena kwa Kifaransa ya muzuri, ile balikuwa banasemezana mu meza na bwana yake. Sikukitoa inje hata siku moja. Niliogopa kufukuzwa, niko na watoto. Sasa Madamu ameenda. Ile majibu yote iko. Ukitaka, chukua."

Tulibaki na siku tatu. Kila asubuhi alikuja, nami nilisoma amri kama Madamu, yeye akajibu. Leta maji. "Maji yamekwisha, na mto uko mbali. Unaweza kungoja?" Wewe ni mvivu. "Mimi si mvivu. Nimeamka kabla yako." Nani amevunja sahani? "Si mimi. Ulipaswa kuniuliza kabla ya kunishtaki." Tukabadilishana: yeye Madamu, mimi mpishi. Nikikosea, ananirudisha. Nikikariri bila kufikiri, anageuza swali ghafla, ananiuliza habari za paka wetu, nami natafuta maneno gizani. Siku ya kwanza alijibu kwa kunong'ona. Siku ya tatu sauti yake ilisikika mpaka barabarani, na majirani walisimama kwenye ua wakashangaa kuona mzee mpole vile anafoka kwa Kifaransa, uso unang'aa kama bwana harusi.

Kwa sista mkubwa tulikuwa wasichana kumi na mmoja. Niliyemfuata alitoka akilia. Nikaingia. Nikataja jina langu na kwetu, polepole. Kisha akaniuliza jambo refu ambalo sikulielewa. Nikamwambia, "Sikusikia vizuri, Sista. Tafadhali rudia." Akaniangalia. Baadaye nilijua kwamba wenzangu walikuwa wanaitikia ndiyo kwa kila kitu. Akarudia: alitaka kujua ni nani aliyenifundisha Kifaransa.

"Mpishi," nikasema.

Akatabasamu. "Na mpishi alikufundisha nini, kupika?"

"Hapana, Sista. Alinifundisha kujibu."

Tabasamu likamtoka. Akachukua kalamu, akaniuliza jina langu linaandikwaje, nami nikamtajia herufi moja baada ya nyingine mpaka likakamilika kwenye karatasi yake.

Nilisoma sekondari ile, mwanangu. Waasi walipokuja, kujulikana tu kwamba unajua Kifaransa kulitosha kukuua. Nikazika madaftari yangu chini ya majivu ya jiko na kukimbilia Rurambo, milimani, kwa wafuga ng'ombe. Nikarudi, nikaendelea. Diploma yangu niliipokea na mtoto mgongoni, na mtu asinionee huruma kwa hilo, naringa nalo. Mzee Kashindi alikuja siku hiyo amevaa koti. Mwalimu mmoja alimsalimu kwa Kifaransa kwa heshima tu, naye akamjibu kirefu mpaka mwalimu wa watu akatafuta njia ya kuondoka.

Basi mtu akija kukuuzia lugha, usiangalie jalada lake. Fungua katikati, kwa sababu mwanzo kila mtu anaupamba. Jitafute humo ndani. Nani anasema, na nani anajibu? Kuna mtu anayekataa, anayepotea njia na kuuliza, anayekosea akasahihishwa, anayetaja kwao? Kama ni mtu mmoja tu anayesema toka mwanzo mpaka mwisho, kiache, hata ukipewa bure, kwa sababu kozi hiyo inakufundisha kuwa yeye au kuwa mtumishi wake. Kisha mwambie mwuzaji akuletee mtu mmoja aliyejifunza humo. Asikuimbie alichokariri, muulize asubuhi amekula nini. Akijibu, hata kwa kuvunja-vunja, kuna kitu cha kununua. Mwuzaji akikukataza kusoma kabla ya kulipa, amekwisha kukuambia ndani kuna nini. Na usidharau aliyeishi ndani ya lugha hiyo akiwa amesimama na sinia mkononi: mpishi, mfua nguo, mlinzi wa geti. Mwulize kwanza yeye, uende kwa mwenye tai baadaye.

Wewe wifi yangu uliyenuna, jambo hili ni lako kabla ya kuwa la mtu mwingine. Kesho nikimaliza kufua tutakaa, mimi na wewe. Utaniambia sitaki kwa Kifaransa, nami nitakuuliza kwa nini.

Mwanangu, Mungu akupe walimu wanaongoja jibu lako. Akuepushe na vitabu vizuri vilivyoandikwa dhidi yako. Na popote utakapoulizwa jina lako, kwa lugha yoyote ya dunia hii, ulitaje lote, umtazame usoni aliyeuliza, kisha umuulize na lake.