Siku Niliyotafuna Kashata Barabarani

Jamani, mniahidi hamtacheka, ingawa najua mtacheka tu, maana mpaka leo nikipita mtaa wa Kabeza, huku Rwanda ninakoishi, nazunguka njia ya nyuma kama mwizi wa kuku.

Mama yangu na shoga zake wawili kule Tanga wanapika kashata za nazi, ndiyo riziki yao, na safari ile walinitumia ndoo nzima kwa basi nimpelekee Mama Zainabu, Mnyarwanda mwenye duka hapo Kabeza, ambaye akizikubali angeagiza kila wiki. Nilikuwa nimeshamwambia mama asiwe na wasiwasi, niachie mimi. Mama Zainabu akasema, "Onjesha watu hapa mbele. Wakipenda, nitachukua."

Nikashika sinia. Watu wakapokea kwa adabu zote, murakoze, murakoze, yaani asante, kisha kila mmoja anafunga kashata yake kwenye karatasi na kuitia mfukoni! Nikaona wananidharau (sisi Tanga ukituonjesha kitu tunatafuna papo hapo na kuomba kingine). Basi nikaamua kuwaonyesha mfano, nikatia kashata nzima mdomoni, nikawa naranda barabarani natafuna kwa sauti, mmm, mmm, shavu limevimba. Mwanamke mmoja akamgeuza mtoto wake asione. Mimi nikadhani bado hawajaelewa, nikamvamia mzee mmoja mwenye kofia, nikamsogezea kashata mpaka midomoni, "Tafuna, babu, nikuone!" Mzee anarudi nyuma, mimi namfuata, tukaingia dukani yeye kinyumenyume, akaenda kukalia trei ya mayai.

"Yebaba we!" Mama Zainabu akapiga kelele. "Huyo ni baba yangu! Na huku mutu mukubwa hakule mu barabara, iko haya!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba radhi mdomo umejaa (kumeza siwezi, kutema siwezi), nikaacha ndoo, nikatoka mbio, roho inaniuma kwamba nimewamwagia kina mama unga wao.

Kesho yake Mama Zainabu akanipigia simu. Waliokwenda kula nyumbani kwao walikuwa wamerudi kuulizia, na mzee mwenyewe, baada ya kubadilisha suruali, alikula nane.

"Mama yako atume kila wiki," akasema. "Nitapokea mwenyewe kwa basi. Wewe usikanyage hapa."

Sasa mama anawatangazia majirani kwamba mwanawe ana kipaji cha biashara, nami kwenye simu naitikia tu, "Naam, mama," na nimeapa barabarani sitafuni tena hata pipi.